Daftari la nauli: wiki ya harusi Mombasa

Jumatatu: Tanga, Horohoro, Likoni, Kibokoni

Katika familia yetu anayejua kujumlisha kwa kichwa hapumziki. Mtoto wa kaka yangu kapata mchumba Mombasa, harusi ni Jumamosi, na kikao kilichokaa kwetu Tanga, Ngamiani, wiki mbili nyuma kikanipa kazi: nitangulie, nikae kwa shangazi Kibokoni, mtaa wa Mji wa Kale, nishike mfuko wa usafiri. Mfuko wenyewe ni laki tatu na arobaini za Tanzania. Kwa hesabu yetu ya mpakani, shilingi moja ya Kenya kwa ishirini zetu, zimekuwa 17,000. Kutoka Tanga hadi Likoni kila mtu anajilipia. Kuanzia Likoni penye kivuko, kuingia kisiwani Mombasa na mizunguko yote ya mjini mpaka tunarudi, ni daftari langu.

Daftari lina safu mbili, makisio na malipo. Safu ya makisio niliijaza nikiwa nyumbani, simu mkononi: nikapima kilomita kwenye ramani, nikazidisha kwa bei ya bajaji za Tanga, nikaongeza kidogo kwa ajili ya ugeni. Nikajiona nimemaliza kazi, nikalala.

Safari ya leo haina mengi. Hiace hadi Horohoro, muhuri upande huu, muhuri upande ule, matatu ya Lunga Lunga hadi Likoni na shingo imenikakamaa kwa kuwa nilikaa kiti cha nyuma kabisa. Pale kivukoni mwenda kwa miguu halipi kitu. Magari ndiyo yanayokata tiketi, pamoja na tuk-tuk. Unashuka na umati hadi langoni, unasubiri wenzako wa ng'ambo watoke, lango likifunguliwa mnamiminika nyote pamoja, wewe na mwenye mkokoteni wa madafu na mtoto wa shule anayekula mabuyu. Mstari wa kwanza wa daftari ukasomeka hivi: kivuko, makisio 0, malipo 0. Haukulingana mwingine hadi Jumapili.

Upande wa kisiwani nikapanda ule mlima mfupi, nikamkuta kijana anapangusa kioo cha chombo chake kwa kipande cha fulana.

"Mwanangu, bajaji mpaka Kibokoni kiasi gani?"

Akacheka kabla hajajibu. "Mama watoka Tanga ama Dar?"

Neno moja tu. Mombasa hakuna bajaji, kuna tuk-tuk, hata kama ubavuni imeandikwa Bajaj kwa herufi kubwa. Akasema mia nne. Nikasema mia. Akageuka kuendelea kupangusa kioo, na mimi nilikuwa nimesimama juani na begi. Tukakutana kwenye 250. Nilikuwa nimekisia 150.

"Umeibiwa mtana kweupe," shangazi akasema kabla sijamaliza kumshika mkono na kumpa shikamoo. "Mia na khamsini. Mia mbili, ukiwa na mizigo."

"Nilikuwa na begi moja, shangazi."

"Marahaba. Basi ushaliwa, mwanangu. Wewe usiulize bei. Aulizaye hajui. Taja mahali, panda, ukishuka mpe pesa yake na uende zako."

Jumanne: barazani

Leo nimetoka mara tatu tu, zote fupi: Marikiti kutazama bei ya viungo, kutoka hapo hadi Biashara Street kwa leso za sare, na kurudi. Nilifuata dawa ya shangazi. Mara ya kwanza nikataja mahali, nikapanda, nikashuka na kutoa mia, ikapokewa bila neno. Ya pili vivyo hivyo. Ya tatu nilikuwa na furushi la leso kichwani. Nikatoa mia, dereva akaitazama ile noti kama nimempa jani. "Mama, na hilo furushi?" Hamsini juu. Jumla 350, makisio yangu yalikuwa 300. Dawa ya shangazi inafanya kazi, ila ni kwa mtu asiyebeba kitu.

Jioni ndiyo niliyojifunza kitu. Binti ya shangazi ana programu mbili za teksi kwenye simu yake, nikamwomba tukae barazani tuulize bei bila kuita gari. Uber iliingia Kenya kupitia Nairobi mwaka 2015, ikafika Mombasa mwaka uliofuata, na siku hizi hata bibi wa Mji wa Kale husema "niitie gari la simu". Nilichotaka kujua ni bei ya Kibokoni hadi kituo cha treni cha Miritini, maana kesho nampokea baba mkubwa. Kumbe binti mwenyewe alishanitazamia tangu asubuhi, akapiga picha za kioo cha simu. Saa moja asubuhi: 720. Saa saba mchana: 690. Saa kumi na moja jioni: 910. Tukaitazama tena saa tatu kasoro usiku, tukiwa na kahawa chungu na kipande cha halua: 1,180.

Kilomita ni zilezile, kama 15. Mahali ni palepale.

Binti akanieleza anavyoelewa yeye. Programu inaanza na kiasi cha kufungulia mlango, inaongeza kwa kila kilomita, kisha inaongeza kwa kila dakika gari linapokuwa njiani. Kwa hiyo malori ya bandarini yakikukwamisha Changamwe unalipia na kukwama. Juu ya yote hayo, wanaoita wakizidi magari yaliyopo, bei nzima inazidishwa. Mimi kule Tanga nilikuwa nimepima kilomita peke yake. Katika vitu vinne nilihesabu kimoja.

Nikachora safu ya tatu kwenye daftari, nikaiita "saa".

Jumatano: Miritini

Treni inayotoka Nairobi saa tisa alasiri humwaga watu Miritini usiku. Nilitoka Kibokoni baada ya Magharibi. Nikataja mahali bila kuuliza bei, nikijua tutagombana, lakini kijana akasema mwenyewe: "Mia sita, tuwahi." Makisio yalikuwa 700. Nikapanda haraka kabla hajajirudi.

Akakimbia kweli. Makupa, Changamwe, katikati ya malori mawili ambayo kila tairi lilikuwa refu kuliko sisi, mimi nikisoma kila dua niijuayo. Tulipofika nikamwambia anisubiri nirudi naye, kwa mia sita nyingine.

"Kwa mia sita? Mama, hiyo treni yashusha watu mia ngapi?" Akataka 1,200. Nikakataa kwa hasira ya mtu aliyeokoa mia moja dakika tano zilizopita. Sijageuza kisogo, vijana wawili wenye mikoba ya kompyuta wakapanda, akaondoka nao.

Sikujali, nilikuwa na simu ya binti. Bei ilisema 1,180 kama jana. Nikaita. Dereva akakubali, kisha akapiga: "Mwaenda wapi? Mwalipa taslimu ama kwa simu? Sikiza mama, futa hiyo safari, nipe 1,500, nipo hapa langoni." Nikamwambia programu imesema 1,180. Akakata simu, na safari ikakaa pale kwenye kioo bila gari kusogea hata hatua, dakika moja, mbili, tano. Nikaifuta mimi. Nilipoita tena hapakuwa na gari karibu.

Hapo ndipo baba mkubwa alipotokea, kofia ya kiua kichwani, mabegi matatu, na mama mkubwa nyuma yake kabeba boksi lililofungwa kwa kamba ya katani. Nikawaamkia. Baba mkubwa hakuuliza hali, akauliza nauli. Nilipomwambia, akasimama.

"Alfu na mia tano? Kwa teksi? Mimi nimetoka Nairobi mpaka hapa kwa alfu na mia tano!"

Na ni kweli, ndiyo nauli ya daraja la kawaida siku hizi, kilomita karibu 480. Kutoka kituoni hadi kitandani kwa shangazi ni 15. Akaanza kusimulia treni ya zamani ilivyokuwa ikikuteremsha katikati ya mji, unavuka barabara na mkoba wako na umefika. Akataka tupande matatu. Matatu zipo pale nje, na kwa mtu mwenye mkoba mmoja sioni sababu ya kuzikwepa, lakini makanga akayatazama yale mabegi na lile boksi akaanza kuhesabu viti vinavyopotea. Mwisho tukaangukia kwa mzee mmoja wa teksi yenye mstari wa njano. Alikuwa kakaa juu ya boneti tangu mwanzo, akitutazama tukizunguka. Hakutoa bei hata mara moja. Alingoja niitaje mimi.

1,500. Pamoja na kwenda, 2,100. Nilikisia 1,400 kwa njia zote mbili.

Alhamisi: daraja la Nyali

Masinia ya zawadi yalitakiwa yapelekwe kwa khalati yake bibi harusi, yaani dada wa mama yake, Nyali, yafike kabla ya Isha. Nilitaka kutoka saa nane mchana. Shangazi akasema karatasi za kufungia hazijapendeza, zikafungwa upya mara mbili, tukatoka saa kumi na moja, yaani saa ambayo kila mwenye kazi kisiwani anarudi kwake Kisauni na Bamburi. Tuk-tuk 600. Nikabishana hadi mate yakanikauka, hakushuka.

Foleni ilianza Saba Saba. Kijana alikuwa akizima injini kila tukisimama na kuiacha tuk-tuk ijivute yenyewe pakiwa na mteremko kidogo. Nikaona kwenye usukani wake pana kipande cha boksi la sigara kimebanwa kwa mpira wa pesa, juu yake mistari midogo ya kalamu, mitano mitano, kama ya wanaocheza karata. Nikamuuliza.

"Ndilo daftari langu hilo, mama. Kila mstari mia moja."

Nikatoa langu. Tukawa tunatazamana madaftari, mama wa Tanga na kijana wa Kisauni, upepo wa kusi ukituingilia pande zote mbili na masinia matatu ya halua na manukato mapajani mwangu. Akanifundisha kusoma boksi. Mistari kumi ya mwanzo ni ya tajiri, mwenye chombo, hesabu yake ya siku, mvua au jua. Minane inayofuata ni mafuta. Nusu mstari ni wa kuosha chombo. Baada ya hapo ndipo anapoanza kujifanyia kazi mwenyewe, na jioni ile alikuwa na mistari kumi na sita. Yaani bado alikuwa mtumwa wa watu, kama alivyosema mwenyewe. Isitoshe ilikuwa tarehe 14. Kila tarehe 14 jioni EPRA, mamlaka ya nishati ya Kenya, hutangaza bei za mafuta za mwezi mmoja kuanzia kesho yake, na redio yake ilikuwa imewashwa kwa ajili hiyo tu. Kwa Mombasa lita huwa nafuu kidogo kuliko Nairobi kwa kuwa shehena inashukia hapahapa, lakini hilo halimfariji mtu anayenunua ya mia mbili mbili.

"Sasa kwa nini Nyali ni mia sita," nikamuuliza, "na jana mwenzako kanipeleka Miritini, mbali zaidi ya mara mbili, kwa mia sita hizo hizo?"

"Alikupeleka saa ya treni?"

"Ndiyo."

"Basi alikuwa aenda bure. Wewe ulimlipia mafuta. Pesa yake ilikuwa yashuka kwenye treni." Akawasha injini, tukasogea urefu wa gari moja, akazima. "Mama, wewe wahesabu kwenda. Mimi nahesabu kwenda na kurudi. Kongowea nakupeleka kwa mia mbili sasa hivi, soko halikosi mtu na gunia lake. Hizo nyumba za ukuta mrefu uendako, nani ataniita? Wana magari yao. Ntarudi mtupu mpaka Lights, na daraja hili nilivuke tena."

Daraja lenyewe tulilifikia jua likizama. Lililopo ni la mwaka 1980. Kabla yake palikuwa na la kuelea, tangu 1931, na shangazi anakumbuka lilikuwa la kulipia, hata akitaja habari za Nyali ya zamani huanza na pesa ya daraja. Siku hizi hulipi, lakini kwenye zile 600 mimi naona daraja limo.

Kurudi saa tatu usiku ilikuwa 350. Dereva alikuwa anakwenda kisiwani kwa vyovyote, kuwangoja wanaotoka kula mishikaki. Nikajua kabla hajasema kwamba atakubali. Jumla ya leo 950 kwa makisio ya 700.

Usiku nikajumlisha. Siku nne zimekula 3,650 badala ya 2,550. Mfukoni 13,350, na harusi yenyewe bado. Nikakata safu ya kilomita kwa mstari mmoja mrefu. Mahali pake nikaandika "anarudi na nani?"

Ijumaa: wageni

Swali langu jipya nililijaribia uwanja wa ndege. Shemeji na mkewe walikuwa wanatua kutoka Nairobi asubuhi, na mimi nilikuwa nimewawekea 1,200. Nikawapigia kabla hawajapanda: wakitoka wasimfuate wa kwanza atakayewashika mkoba, wasogee wanaposhushwa wanaosafiri, watafute gari lililomshusha mtu hivi punde. Dereva wa gari hilo anatazama barabara tupu mbele yake. Wakafika kwa 1,000. Shemeji akaniletea na habari za dereva, maana yeye huongea na kila mtu. Dereva huyo hufanya kazi za programu, na alimweleza kwamba kanuni za 2022 zinaikataza kampuni kuchukua zaidi ya asilimia 18 ya nauli, ila yeye akitoa hiyo, akatoa mafuta na pesa ya mwenye gari, safari ya foleni haimwachii kitu. Nikamkumbuka yule wa Miritini aliyetaka nifute. Hasira ikapungua kidogo. Kidogo tu, kwa sababu aliniacha gizani na wazee wawili.

Kundi la Tanga, watu 18, nililiambia livuke saa nne: msongamano wa asubuhi umeisha, na watu bado hawajaanza kuelekea misikitini. Kivuko 0, Mungu akibariki kivuko. Upande wa kisiwani nilikuwa nimekwishapanga tuk-tuk sita, watu watatu watatu, na bei tumeshasikilizana.

Bibi akashuka na gunia la machungwa ya Muheza.

Hakuna aliyeniambia habari za gunia. Haliwezi kukaa mapajani, haliwezi kukaa miguuni, na madereva wote sita walilitazama kwa macho yale yale. Likapanda tuk-tuk ya saba, peke yake, kama bwana mkubwa, likalipiwa 200 sawa na abiria watatu. Saba mara 200, 1,400. Makisio yalikuwa 900. Nilimwambia bibi kwamba machungwa yake yamesafiri kwa starehe kuliko kaka yangu, akasema kaka yangu hana maji ya kukamua.

Alasiri ikawa ya kazi kubwa. Walima, karamu ya harusi, ni ukumbini, Nyali, kesho jioni. Upande wetu tuko 26: kundi la 18, mimi, baba mkubwa na mama mkubwa, shemeji na mkewe, na watu watatu wa nyumba ya shangazi. Kwa tuk-tuk ni tisa. Kwenda 350 kila moja, 3,150. Kurudi saa sita usiku hakuna atakayekubali chini ya 600, na sina hakika kama tisa zitapatikana saa hiyo, lakini tuseme zimepatikana: 5,400. Jumla 8,550.

Nikaenda kwa watu wa matatu, zile za viti 14. Dereva, mtu mzima mwenye ndevu za hina, akasema mbili kwa 4,000 kila moja, atushushe, atusubiri, aturudishe. Elfu nane. Kwa Alhamisi iliyopita ningekubali na kushukuru. Sasa nikamuuliza: "Kaka, hizo saa nne za kutusubiri, kwa kawaida Jumamosi usiku unazifanyia nini?"

"Napiga kazi. Jumamosi usiku ni pesa."

"Basi usitusubiri. Tushushe, nenda kapige kazi zako, saa sita uwe mlangoni."

Akanitazama. Akamtazama makanga wake. Akakuna ndevu. "Elfu tatu kila moja," akasema, "na mama usichelewe na wewe."

Nikampa elfu moja moja za kushikia.

Jumamosi: harusi

Sina muda wa kuandika. Nikaha ilikuwa msikitini hapa hapa Mji wa Kale, tumekwenda kwa miguu, wanaume mbele na matwari, na mimi katika furaha zote za siku ile niliyoipenda mno ni kwamba haikuwa na nauli.

Kilichoniua ni safari za mia mia. Asumini za vikuba zilikuja pungufu, mtu arudi Marikiti. Kanzu ya bwana harusi imeshonwa ndefu, kwa fundi na kurudi. Dawa ya presha ya bibi imesahaulika Tanga, duka la dawa, la kwanza hawana, la pili wanayo. Barafu. Barafu tena, ya kwanza imeyeyuka ikimngoja aliyetumwa vikombe. Kila mmoja alikuja kwangu akisema "ni hapo tu, nipe mia", na kweli ilikuwa hapo tu, na kwenye makisio niliyoyaandika Tanga hapakuwa na hata mstari mmoja wa "hapo tu". Mara kumi na moja. 1,950, ndani yake 50 ya sabuni.

Matatu ya kwanza ilikuwa mlangoni saa sita kamili. Ya pili saa sita na dakika ishirini, na hizo dakika ishirini nilizipitisha nimesimama barabarani kwa viatu vya kisigino, nikimwona kila mtu anavyonitazama kwa kuwa wazo la "nenda kapige kazi" lilikuwa langu. Alipofika kulikuwa na mwanamke mmoja bado ndani anayeshuka Bombolulu. Tukapanda naye. Akatuimbia wimbo wa harusi hadi kwake.

6,000 na 1,950. Zimebaki 3,000.

Jumapili: kurudi

Baba mkubwa na mama mkubwa, treni ya asubuhi: 700 hadi Miritini. Makisio 700, malipo 700. Nilimwonyesha baba mkubwa mstari huo kwenye daftari, hakuelewa nafurahia nini.

Shemeji uwanja wa ndege, 1,000.

Kwa kundi palikuwa na mjadala. Mmoja wa wakwe zetu alituletea habari za gari la kukodi litakalotupitisha Dongo Kundu, barabara mpya ya kutokea Miritini hadi kusini bila kugusa kivuko. Inapita daraja la Mteza, refu karibu kilomita moja na nusu, watu husimama kupiga picha ingawa wanakatazwa. Vijana wakashangilia. Nikauliza bei: 9,000 hadi Lunga Lunga. Mfukoni nilikuwa na 1,300. Mjadala ukaisha.

Tuk-tuk saba hadi kivukoni kwa 150 kila moja, bila mzozo, kwa kuwa kivukoni asubuhi hakukosekani mtu wa kuingia mjini. Tulihitaji saba tena. Machungwa yaliliwa yote ila gunia lilirudi na mabuyu, achari na kilo sijui ngapi za halua. 1,050.

Tulipokaa kwenye matatu ya Lunga Lunga, kaka yangu akaniomba daftari. Yeye ndiye baba wa bwana harusi na mchango mkubwa ulikuwa wake, ana haki. Akavaa miwani. Akasoma taratibu kuanzia kivuko cha Jumatatu, akitikisa kichwa Miritini, akitikisa zaidi kwenye gunia, hadi Ukunda ikapita hajainua macho. Salio 250.

"Hesabu imekaa sawa," akasema. "Ila hii. Jumamosi. Sabuni, hamsini. Sabuni ni usafiri?"

"Mtoto alitapika ndani ya matatu tukirudi. Makanga akataka ya kuoshea."

"Sabuni ni sabuni. Ingetoka mfuko wa jikoni."

"Aliyetapika ni mjukuu wako, kaka."

Akanyamaza kitambo. Akaingiza mkono mfukoni, akatoa hamsini ya Kenya, akaiweka katikati ya kurasa na kulifunga daftari. Nikalifungua tena, nikakata 250, nikaandika 300.